Mama Fomu na Nafasi Moja Tupu

Ukitaka kumuudhi Mama Fomu, mwachie nafasi tupu. Nilimwona siku moja akimrudisha mfanyabiashara wa vitenge kutoka getini kabisa, mzigo tayari uko kichwani kwa mchukuzi, kwa sababu mahali palipoandikwa "jina la baba" yule bwana alikuwa ameweka kistari. "Kistari si baba," akamwambia. "Wewe ulizaliwa na kistari?" Bwana akarudi, akakaa kwenye benchi, akamtaja baba yake. Mama Fomu akaandika kwa herufi kubwa zilizonyooka, akapuliza wino, akapaza sauti: "Mwenye kufuata!"

Sauti hiyo ilijulikana Bwera nzima, mji wetu wa mpakani, Uganda na Kongo. Vijana wa bodaboda waliiiga. Kasuku wa mama mmoja wa hoteli aliiga pia, mpaka wateja wakawa wanasimama na sahani zao bila kujua wameitwa na nani. Meza yake ilikuwa hatua chache kutoka kwa wabadilisha fedha, chini ya mwavuli uliopoteza rangi, na kazi yake ilikuwa kuwajazia fomu watu wasiojua kuandika au wanaoogopa karatasi: fomu za kuvuka kwenda Kongo, fomu za hospitali, fomu za shule. Duka langu la kompyuta lilikuwa nyuma ya mgongo wake. Mimi ni mtoto wa fundi wa kiwanda cha saruji aliyekuja Kasese kutoka Kenya, nikazaliwa hukuhuku, lakini kwake nilibaki Mukenya miaka yote tuliyokaa jirani. "Wewe Mukenya, leta karatasi!" Basi, ndiyo salamu yangu ya asubuhi.

Msidhani alikuwa mkali tu. Siku moja alikuja mama kijana kutoka ng'ambo, mtoto mgongoni anaungua homa, fomu ya hospitali mkononi. "Mama, mi najua tu jina ya mama yangu," akasema. "Papa alienda kwa vita, hakurudia. Nilikuwa mutoto." Mimi ningeandika "hajulikani" nikamaliza. Mama Fomu alimpeleka kwanza kwa daktari, akampigia kelele muuguzi mpaka mtoto akapokelewa, halafu akarudi kwenye meza na yule mama na kuanza kumuuliza taratibu. Kijiji gani? Nani mwingine alikuwa anakaa pale? Bibi yako alikuwa anamuita mtoto wake nani akikasirika? Jua likazunguka mwavuli wote. Mwishowe yule mama akashtuka, akataja jina, akalia. "Ona," Mama Fomu akamwambia huku akiandika. "Iko. Ilikuwa imelala tu."

Alikuwa na msemo wake, aliourithi kwa mama yake: usichokijua usikijaze, lakini usikae nacho. Nilichoka kuusikia. Siku moja askari mwenye haraka zake alimsimamia mezani: "Andika chochote, mama! Haraka!" Akamtazama juu ya miwani. "Afande, chochote iko kijiji gani? Nataka niandike vizuri." Askari akacheka bila kupenda, akataja kijiji cha kweli.

Sasa niwaambie lililokuwa likinishangaza, na mpaka leo nikilikumbuka nacheka. Mwanamke huyu aliyewabana watu wote wa mpaka kuhusu baba zao alikuwa na fomu yake mwenyewe isiyojaa. Babu yake mzaa mama alikuwa Mzungu wa Ayalandi. Hilo halikuwa siri, kwa sababu lilikuwa usoni. Akikaa juani robo saa pua inakuwa nyekundu, na juu ya pua kuna madoa kama pilipili manga iliyomwagika. Ndiyo maana alivaa kofia ya kiume mwaka mzima. Nywele zake za utosini, kabla hazijaingiwa na mvi, zilikuwa na rangi ya kutu.

Na watu wa Bwera, mnawajua kwa utani! Uganda viazi mviringo tunaviita ayrishi, neno la Kiingereza la mtu wa Ayalandi. Basi Mama Fomu akiingia hotelini akaagiza sahani ya ayrishi na nyama, lazima mtu aulize, "Leo unakula shangazi au mjomba?" Naye hajibu mpaka amemeza. "Nakula ndugu zangu wenye wamekataa kunijibu barua."

Alikuwa mtu wa mambo mawili yasiyopatana. Watalii wanaopita Kikorongo kwenda kuangalia simba hakuwapenda hata kidogo. Mara moja mmoja alitaka kumpiga picha na kofia yake, akamfukuza kwa mwavuli. Lakini kila basi la watalii likisimama pale njia panda nasi tupo, nilimwona akiwakagua pua, mmoja mmoja, kama mtu anayechagua nyanya. Nikimwuliza anatafuta nini, anasema, "Hakuna. Naangalia tu."

Alichokuwa anatafuta nilikuja kukijua siku aliyonipeleka kwao Kyarumba. Mji uko juu, ukifika umesahau kwa nini umekuja, na magoti yanakukumbusha. Nyuma ya nyumba, pembeni ya kahawa, palikuwa na kaburi la mama yake, la saruji, safi. Juu yake liliandikwa jina la marehemu, na chini ya jina maneno mawili: BINTI WA. Baada ya hapo, saruji tupu, laini, pana kiasi cha kiganja na nusu.

"Kwa nini usimalizie?" nikauliza.

"Nimalizie na nani?"

Hapo ndipo aliponieleza. Mzungu huyo alikuja na watu waliokuwa wakipima milima kutafuta shaba, kabla mgodi wenyewe haujawa mgodi. Akamwoa bibi yake, au watu wa mlimani walisema hakumwoa, alipita tu. Mtoto akazaliwa. Mtoto hajaota meno, Mzungu akaondoka kwa lori, na bibi yake alimsindikiza kwa miguu mpaka Kikorongo, mtoto mgongoni. Mzungu hakurudi. Mama yake Mama Fomu alikua akiitwa mtoto wa mpita njia. Kanisani, sokoni, kisimani. Hata siku ya harusi yake mtu alilisema. Naye alikuwa akijibu neno moja maisha yake yote: baba hakututupa. Lakini alilijuaje? Hakuwa na barua wala picha. Alikuwa na jina la Kizungu tu, ambalo mama yake alimfundisha kulitamka kama sala.

Alipokuwa anakufa, alimshika binti yake mkono. Akamwambia ule msemo wake kwa mara ya mwisho, usichokijua usikijaze, halafu akauongezea mkia: "Lakini wewe ujue."

"Basi mimi niko na deni ya kujua," Mama Fomu akaniambia pale kaburini. Alisema kikavu, kama anasoma fomu, lakini alikuwa amevua kofia.

Kuanzia siku hiyo kompyuta yangu moja ikawa ya Ayalandi. Jioni, foleni ikiisha, anageuza kiti, ananitajia maneno ya barua, mimi nayatafsiri kichwani kwa Kiingereza na kuchapa. Tuliandikia makanisa. Tuliandikia ofisi za kumbukumbu. Wengine hawakujibu, wengine walijibu kwa upole kwamba hawana kitu. Mtandao wetu mnaujua, mawingu yakitua mlimani nao unatua. Nilichoka kabla yake, sifichi. Nilimwambia wazi: Mama, wafu wazikane. Akanitazama. "Mukenya, baba yako ako hai?" Ndiyo. "Basi chapa."

Hatimaye tulimpata bibi mmoja wa huko, mwalimu mstaafu, ambaye kazi yake ya uzeeni ni kufuatilia koo za kijiji chao. Jina tulilompelekea alilijua mara moja. Furaha tuliyoipata siku ile! Mama Fomu aliagizia benchi zima ayrishi. Lakini barua iliyofuata ilituletea shida.

Jina ni hilo, bibi yule aliandika, lakini watu ni wawili. Ndugu wawili, mtoto wa baba mkubwa na wa baba mdogo, wote walipewa jina la babu yao, na wote walikwenda Afrika kwenye kazi za madini karibu miaka ileile. Mmoja aliacha mke na watoto kwao bila kuaga, akaenda kusini, huko nako akaacha wengine, akafa mzee kitandani mwake. Wa pili alikuwa hajaoa alipoondoka. Aliugua kifua, akasafirishwa kurudi, akafia melini. Kabla hajapanda meli alimwandikia mama yake barua. Bibi yule alitaka kujua: wenu ni yupi? Mnajua rangi ya macho yake? Urefu? Alama yoyote?

Tulijua nini? Tuliandika kwamba alivaa kofia. Tuliandika kwamba alipenda ndizi za kuchoma na aliogopa mbuzi. Mambo aliyosimulia bibi yake, yaliyobaki kwenye midomo ya watu. Bibi wa Ayalandi akajibu kwa adabu kwamba hayo hayatoshi.

Mpwa wake Mama Fomu, ambaye ndiye fundi aliyejenga lile kaburi, alishangaa tatizo ni nini. "Shangazi, jina si ni moja? Wote wanaitwa hivyo hivyo. Mi nitaandika leo, imeisha!" Na kwa kweli alikuwa na hoja. Mimi pia nilifikiri hivyo, sema nilikuwa mwoga kulisema.

"Jina ni moja, mutu ni wawili," Mama Fomu akajibu. "Kama ni ule aliyetupa watoto, nitamwandika aliyetupa watoto, na watu walikuwa na haki kumucheka mama. Kama ni ule mwingine, nitamwandika yeye. Lakini siwezi kuweka mutu ingine juu ya mama yangu na bado nilale vizuri."

Miezi ikapita. Ile saruji ilibaki tupu, na yeye akaanza kuzeeka mbele ya macho yangu. "Mwenye kufuata!" ikawa inatoka na kikohozi. Nilianza kuogopa kwamba atakwenda kumkuta mama yake mikono mitupu.

Sasa sikilizeni kosa letu, maana ni kosa la watu wa huku, mtu wa mbali asingeweza kulifanya. Kwa Wakonzo, wenyeji wa milima yetu, mtoto wa kiume anapewa jina kwa hesabu. Wa kwanza kwa mama yake ni Baluku, wa pili Bwambale, wa tatu Masereka, na kuendelea hivyo. Wasichana nao wana majina yao na hesabu yao. Ukisimama soko la Bwera ukaita "Masereka!", watageuka wanaume wanne na mmoja atakuletea kuku. Jina hilo limejaa kiasi kwamba halisikiki tena. Na yule Mzungu, mlimani, waliokuwa wakimtaja walimtaja kama Masereka. Mama Fomu aliniambia tangu siku ya kwanza, nami nikauliza, niliandike? Akapunga mkono. "Aa, hiyo ni ya hapa. Wazungu watafanya nini nayo? Weka ya kwao." Nami, mtoto wa Kasese, niliyesoma na akina Masereka darasa zima, nikaona sawa.

Ikaja barua nyingine. Nilimsomea mchana, mteja akiwa kwenye benchi. Bibi wa Ayalandi alikuwa amechimba vitabu vya ubatizo, akaandika mstari mmoja tu wa maana: aliyetupa watoto alikuwa mtoto wa kwanza kwa mama yake, aliyefia melini alikuwa na kaka wawili wakubwa. Je, hilo linawasaidia?

Mimi nilisoma nikapita. Nilikuwa tayari nimeanza kuchapa "asante, kwa bahati mbaya." Nikageuka. Kalamu ya Mama Fomu ilikuwa imesimama katikati ya jina la mtu.

"Rudia," akasema.

Nikarudia. Kaka wawili wakubwa. Yaani wa tatu.

"Mukenya," akasema polepole, "ule mutu walikuwa wanamuita nani?"

Mungu wangu! Nilifungua mdomo nimpigie vigelegele, akaninyooshea kidole. "Nyamaza. Usijaze. Labda walimpa tu, kwa mchezo. Labda alikuwa Muzungu wa tatu kufika. Tutauliza." Alimalizia fomu ya mteja mpaka mwisho, akapuliza wino, akafunga mwavuli saa saba mchana, jambo ambalo mpaka huo haujapata kuliona.

Aliyebaki hai wa kuulizwa alikuwa mmoja, mdogo wa bibi yake, huko juu zaidi ya Kyarumba, mzee wa kubebwa nje asubuhi na kurudishwa ndani jioni. Njiani kwenye kijia Mama Fomu aliniapisha nisimguse yule bibi kwa swali lenye jibu ndani. Tulifika tukitweta. Tukasalimia, tukapewa maji, tukaulizwa habari za Bwera, tukajibu zote.

"Bibi," akasema mwishowe, "ule Muzungu wa dada yako. Kwa nini aliitwa hivyo alivyoitwa?"

Bibi kizee alicheka kwa ufizi. Akasema kwa Lhukonzo, Mama Fomu akinitafsiria neno kwa neno: Baba yetu alikataa kumpa dada. Alisema, mbuzi za mahari nimeziona, ni nzuri, lakini binti yangu simpi mtu asiye na jina. Akamwuliza, kwenu kwa mama yako, wewe ni wa ngapi? Yule Mzungu hakuelewa. Tukamwonyesha watoto wa nyumba, huyu wa kwanza, huyu wa pili. Ndipo akaelewa. Akasimama. Akaweka mkono juu hivi, huyu kaka. Akaweka tena, kaka mwingine. Halafu akajipiga kifua, akaonyesha vidole.

Na bibi akauinua mkono wake uliokauka, akatuonyesha vidole vitatu.

"Baba akasema, basi wewe ni Masereka wetu, kaa ule. Mimi ndiye niliyemletea maji ya kunawa."

Nimeshasikia vigelegele vingi, vya harusi na vya uchaguzi. Kile alichokipiga Mama Fomu siku ile kwenye ule mteremko sijakisikia tena. Watu waliokuwa wakivuna kahawa ng'ambo ya bonde waliitikia bila kujua wanaitikia nini. Alimkumbatia yule bibi, akanikumbatia mimi, akakaa chini kwenye vumbi na kofia yake na kulia kwa sauti, mwanamke wa zaidi ya miaka sitini, bila aibu yoyote. "Alitoa mbuzi!" alikuwa akirudia. "Mnasikia? Alitoa mbuzi! Alipewa jina! Mpita njia anapewa jina?"

Tuliandika usiku haujaingia. Majibu yalikuja na picha ya ile barua ya kabla ya meli, ambayo mama mtu aliiweka ndani ya kitabu chake cha sala mpaka akafa, na ambayo bibi wa Ayalandi hakuwa ameisoma mpaka ukoo ulipomtolea. Mistari michache. Ana mke na binti milimani, akipona atarudi kwao, asipopona mama awatafute. Hakutaja milima gani. Watu wa kwao walitafuta, bibi yule aliandika, lakini hawakujua pa kuanzia. Mama Fomu aliniomba nimsomee mara tatu, kisha akaichukua ile karatasi na kuibandika mezani, mbele ya wateja, wabadilisha fedha na kasuku.

Mara ya mwisho kukaa naye kutwa nzima ilikuwa Kyarumba, miezi kadhaa baadaye. Mimi nilishahamia Kasese mjini. Saruji niliibeba mwenyewe kutoka kiwanda alichofanyia kazi baba yangu, mfuko mmoja kwa basi mpaka kituo cha mwisho, kisha vichwani mwa vijana kupanda kijia. Nilikuta uwanja umejaa. Walikuwepo waliomwita mama yake mtoto wa mpita njia, au watoto wao, wamevaa nguo za Jumapili. Katekista aliomba. Mpwa wake akapiga tabaka jipya la saruji mahali pale palipokuwa tupu, akalilainisha, akamnyooshea shangazi yake msumari.

Akanigeukia. "Mukenya, wewe uliza. Kama fomu."

Niliuliza kwa nguvu watu wote wasikie. "Jina la marehemu?" Akalitaja. "Jina la baba wa marehemu?"

Hakujibu kwa mdomo. Alipiga magoti, akavua kofia, akaandika kwenye saruji mbichi kwa herufi kubwa zilizonyooka zilezile za mpakani: MASEREKA. Chini yake akaliandika lile jina refu la Kiayalandi, herufi kwa herufi, bila kutazama popote.

Mpwa wake akamnong'oneza kwamba jina la Kizungu ndilo lingetangulia. "Hapana," akasema. "Ile alipewa na mama yake, ni nzuri. Lakini hii alipewa na mukwe. Hii ndiyo ilimulinda asichanganywe na ule mwingine, na hii ndiyo ilimurudisha nyumbani." Bibi kizee, aliyekuwa amebebwa mpaka pale kwenye kiti, aliinua tena vile vidole vyake vitatu, na uwanja mzima ukainua vitatu vyao.

Mama Fomu akapangusa msumari kwa pindo la gauni. Aliinama akapuliza saruji kama anavyopuliza wino. Akasimama, machozi yanatiririka mpaka kidevuni, pua nyekundu kwa jua, akatutazama sote tuliomzunguka, na kwa ile sauti inayojulikana Bwera nzima akaita:

"Mwenye kufuata!"